Hoteli ya Siku ya Meli

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile marehemu baba yako Shabani aliporudi kutoka Mpulungu, kule mwisho wa ziwa hili, nchi ya Zambia, akaingia uani kwetu Kasingirima, hapa Ujiji, bila hata kuvua viatu. Nilikuwa nachambua dagaa. Akasema, "Mama Mwajuma, tumepata hoteli." Hakusema ameona hoteli. Alisema tumepata, kama mtu aliyeokota njiani.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia, tena si kutoka kwako, kwamba wewe na mkeo mnataka kuwachukua wajukuu zangu muende Lusaka mkanunue duka la vipuri vya pikipiki. Sikukatazi. Ningekukataza ungekwenda tu, nakujua. Nataka uende ukijua jambo ambalo mimi nililijua nimechelewa, na kuchelewa huko kulinigharimu mtu. Kaa. Chai itapoa, na ipoe.

Baba yako wakati huo alikuwa fundi cherehani Ujiji, na fundi mzuri, watu walimletea vitambaa hata kutoka Kalinzi. Wewe ulikuwa hujazaliwa, tulikuwa na dada yako Mwajuma tu. Hatukuwa na njaa. Lakini baba yako alichoka kushona nguo za sikukuu za watu wengine, akataka na yeye awe mtu wa kusemwa. Ndipo akakutana na Masudi, mtu wa Ujiji aliyekaa Mpulungu miaka mingi, mwenye hoteli yake bandarini. Usifikirie ghorofa. Banda la bati, meza, mabenchi, jiko la nje na masufuria makubwa ya haja. Masudi alitaka kurudi nyumbani, akamwambia baba yako aende akajionee mwenyewe.

Akaenda na meli. Alipofika aliikuta hoteli imefurika. Abiria wameshuka na njaa zao, wapagazi, wafanyabiashara wa dagaa, watu wanakula wamesimama na sahani mkononi. Alikaa pale akiangalia mpaka meli ikapiga honi, akapanda, akarudi na meli hiyo hiyo. Hiyo ndiyo hoteli aliyoiona.

Mimi nilimuuliza swali moja, mwanangu. Nilimuuliza, "Siku ambazo meli haipo, wanakula akina nani?" Akacheka. Akaniambia, "Mwanamke wewe, njaa haisubiri meli." Nikamwambia basi, ungewauliza hata majirani wa pale. Hapo hakucheka tena. "Nimuulize Mzambia habari za mtu wa Ujiji? Nimvue nguo ndugu yangu ugenini?"

Nikarudia kuchambua dagaa. Ndiyo malezi yetu watu wa huku, mtu wa kwetu hachunguzwi mbele ya wageni. Ni malezi mazuri kwenye misiba na harusi. Kwenye kununua biashara ni upofu. Na huyo Masudi, niseme haki, hakutudanganya hata neno moja. Alikaa kimya tu, sisi tukakiheshimu kimya chake.

Sasa nikwambie habari za bibi yako Mwamvua, mama yake baba yako, kwa maana hadithi hii ni yake. Alikuwa mwanamke wa Kalinzi aliyeolewa Ujiji, mrefu, mikono imekomaa kwa kuchemsha mawese. Mumewe alimwachia shamba la michikichi, na shamba hilo ndilo lililomlea Shabani. Shabani alipomweleza habari ya hoteli, mama alisikiliza, akauliza kama kule kuna msikiti, akaambiwa upo. Akauza shamba. Mwanawe naye akauza cherehani. Usiku huo nililia, sikusema kwa nini.

Tuliagwa vizuri mno, na hiyo nayo ilikuwa sehemu ya balaa. Mtaa mzima ulikuja kwenye kisomo, ubwabwa ukapikwa, watu wakala wakatuombea dua. Mtu aliyeagwa kwa ubwabwa, mwanangu, anaona haya kurudi na njaa. Siku ya kuondoka mama alitusindikiza mpaka bandarini. Alinishika mkono akaniambia maneno kwa Kiha, kisha akayarudia kwa Kiswahili, kwa sauti, ili mwanawe asikie: "Mkiona pagumu, rudini hata na nguo za mwilini. Sitawauliza kitu. Mlango wangu hauna kufuli."

Baba yako akasema, "Mama, usitutabirie mabaya." Akapanda meli. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mama yake uso kwa uso.

Tulifika siku ya meli, bila shaka. Tukapika mpaka mikono ikavimba, watu wakala, baba yako akawa anaimba jikoni. Meli ikaondoka. Kesho yake nikapika sufuria kubwa la wali na maharagwe, nikapanga sahani, nikafuta meza. Hakuja mtu. Nikasema labda wamechoka. Kesho kutwa nikapika tena, nikamwaga tena. Watu wa pale wanakula ugali wao nyumbani kwao, na wapagazi wanakula kwa akina mama wanaouza ufukweni kwa bei ya chini. Nani aje alipe wali wa Ujiji?

Jirani yetu alikuwa Mama Chanda, mwenyeji wa pale, muuza nyanya, na Kiswahili cha bandarini alikijua sana. Aliniona namwaga wali mara ya tatu, akashindwa kuvumilia.

"Dada, mbona unapika siku hizi? Masudi alikuwa anapika siku ya meli tu. Siku nyingine anakwenda kuvua."

"Kuvua?"

"Alikuwa mvuvi yule. Hoteli ilikuwa ya kujazia mboga. Kwani hamkuuliza?"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini sisi tuliona kuuliza ni ukosefu wa adabu. Mume wangu alikuwa fundi wa mjini, hata kuogelea hajui, nani angempeleka ziwani usiku na taa kuvua dagaa? Nyumba njema si mlango, na sisi tuliununua mlango siku ulipopambwa. Usisafirie nyota ya mwenzio, mwanangu. Nyota ya Masudi ilikuwa nyavu zake, na nyavu hakutuuzia.

Halafu meli yenyewe ikapelekwa matengenezo, ikakaa huko msimu baada ya msimu. Tukawa na hoteli ya siku ya meli, na meli hakuna.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angerudi. Boti za mizigo zilikuwepo, zilikwenda mpaka Kibirizi, bandari ndogo ya huku kwetu, tungeweza kujibanza juu ya magunia tukafika. Nilimwambia baba yako. Nilimkumbusha maneno ya mama. Akaniangalia kama niliyemtukana. "Nirudi Ujiji niwaambie nini waliokula ubwabwa wangu?" Tangu siku hiyo kila nikigusa habari ya kurudi anainuka anatoka nje.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ninapoumia. Kila boti ilipoondoka kwenda Kibirizi tulimtumia mama salamu. Na salamu za kwetu unazijua. Mtu anaulizwa hujambo, hata akiwa anakufa anajibu sijambo. Tulituma kusema hatujambo, biashara inakwenda, watu hawakatiki. Na ili mtaa usione ni maneno matupu, kila salamu tuliifungia kitenge. Vitenge vizuri, vya rangi kali, nilivichagua mwenyewe sokoni, siwezi kumtwika marehemu mzigo wote. Tulivinunua kwa nini? Kwa masufuria ya hoteli. Tulikuwa tunauza sufuria, tunanunua kitenge, tunapeleka Ujiji ushahidi wa utajiri wetu. Likaondoka la wali. Likaondoka la maharagwe. Likaondoka karai la maandazi. Mwajuma alikuwa anakula ugali kwa Mama Chanda, mwanamke ambaye baba yako aliona aibu kumuuliza swali moja.

Mama kule akawa anapokea vitenge na kutembea kifua mbele. Baadaye niliambiwa alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akivionyesha.

Meli ilipopona ikarudi, akashuka mfanyabiashara mmoja wa dagaa kutoka Kibirizi, akaja kukaa kwenye benchi letu. Nilikuwa na sufuria moja tu limebaki. Akala, akanawa, akamgeukia baba yako akasema, "Nisamehe nimekula kabla ya kuwapa pole. Poleni sana na msiba."

Baba yako akauliza, "Msiba gani?"

Yule mtu aligeuka rangi. Alidhani tunajua. Mama alikuwa ameshazikwa, arobaini yake imeshapita, na habari iliyotumwa kwa boti baada ya maziko haikutufikia. Alivimba miguu, akalala muda mrefu, na majirani walitaka kutuletea habari kwa boti. Mama mwenyewe alikataa. Aliwaambia, "Waacheni wanangu. Hoteli imejaa watu, wakija huku nani atawapikia?"

Unasikia, mwanangu? Tulimdanganya, na yeye akatuhurumia kwa uongo wetu ule ule. Aliona heri afe peke yake kuliko kutuharibia biashara ambayo haikuwepo. Na sisi wakati huo tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi matupu tukipunga nzi. Tungeitwa, tungekwenda siku hiyo hiyo. Hatukuwa na mteja hata mmoja wa kutuzuia.

Tulirudi na meli hiyo, na nguo za mwilini, kama alivyosema. Mlango kweli haukuwa na kufuli. Jirani yake, Bi Zuhura, akanitolea sanduku. Vitenge vyote vilikuwa ndani, vimekunjwa, havijashonwa hata kimoja. Akaniambia, "Nilimwambia mara ngapi awape mafundi wa hapa. Alisema mwanangu ni fundi, atanishonea mwenyewe akija."

Baba yako alitoka nje akasimama ukutani. Mimi nilibaki na sanduku, nikavitoa kimoja kimoja, na kila kitenge nilikijua sufuria lake. Tangu siku hiyo mume wangu hakushona tena. Alibeba mizigo Kibirizi mpaka mgongo ukamkataa, lakini cherehani hakugusa, na mtu akimuuliza sababu anasema macho hayaoni. Macho yalikuwa yanaona.

Na ile aibu? Ile aibu tuliyoiogopa mpaka tukamwacha mama afe bila sisi? Nitakwambia ilidumu muda gani. Watu walitucheka kidogo, wakanong'ona kisimani, mwanamke mmoja akaniuliza eti nimeshasahau kupika. Kisha ikaja harusi ya binti wa jirani, wakapata la kusema, wakatusahau. Basi. Harusi moja. Nikikumbuka hilo mpaka leo nataka kupiga mtu, na wa kumpiga simwoni.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, kama umeamua. Lakini hilo duka la Lusaka, usiende kuliona siku mwenyewe anakukaribisha. Nenda siku ya mvua, siku ambayo hakutegemei, kaa ng'ambo ya barabara uhesabu wanaoingia na wanaopita. Waulize majirani, waulize wasiokupenda, muulize muuza nyanya. Mwenye duka akikasirika kwamba umeuliza, mshukuru, amekujibu. Na mkeo akikuuliza swali, usimcheke. Mimi nilichekwa, na swali langu lilikuwa na thamani kuliko hoteli nzima. Nyumba hii ya Kasingirima usiiuze, hata wakikupa dhahabu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na anayeuza ngama yake atarejea wapi?

Lakini hayo yote ni ya biashara, na biashara hufa na kufufuka. Ninalokuusia kwa moyo wangu wote ni jingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi kifo kilichotuumbua hakikuwa chetu. Siku hizi mna simu, mnatuma picha. Mtu anapiga picha pembeni ya gari la mwenzake anamtumia mama yake Ujiji, mama anafurahi, anameza dawa zake kimya asimsumbue tajiri. Usinifanyie hivyo. Nikikuuliza hujambo, usinijibu kama unavyomjibu mpita njia. Niambie leo hatukuuza kitu. Niambie mtoto anaumwa. Na mimi nikiumwa nitakwambia ninaumwa, wala sitakuonea huruma ya kijinga.

Mwite mkeo aingie. Shika hiki, mama. Ni kimoja katika vile vitenge vya bibi, cha sufuria la wali, hakijawahi kupita kwenye sindano. Kiweke chini kabisa ya sanduku lako, usikishone. Mkifika mahali pagumu, na huyu mume wako ulimi ukawa mzito kama wa baba yake, wewe mpe dereva wa basi yeyote anayekuja huku aniletee. Sihitaji barua wala simu, simu zimejifunza kudanganya. Nikikiona tu nitajua, nitafagia chumba, nitabandika sufuria, na sitawauliza kitu.

Mungu awatangulie njiani, awape majirani wenye ukweli na wateja siku zisizo za meli. Awarudishe kwangu mkiwa hai, mmeshiba au mna njaa, nami nikiwa bado nina macho ya kuwatambua. Haya, kunyweni chai.