Pindua na Sahani ya Sita

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Pindua, na mwenyewe aliitika, maana jina la utani ni kama mwasho: ukijikuna ndiyo unalitangaza. Kazi yake ilikuwa kutengeneza miwani. Kutwa alikaa kwenye kibanda chake akikaza skrubu ndogo kama punje za ufuta na kunyoosha miwani iliyokaliwa na wenyewe. Huo ulikuwa ufundi wake. Ugonjwa wake ulikuwa vyombo vya udongo.

Si hivi vya dukani vinavyofanana kama sare za shule. Alitaka vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchorwa kwa mkono, kila upande wa nchi na udongo wake. Wafinyanzi wa bondeni wana udongo mwekundu, na hawajui kuchora kitu kisicho jani. Wa ziwani hupaka bluu, na samaki wao wote wana macho ya mtu aliyeitwa ghafla. Mfinyanzi anayejiheshimu huacha alama yake chini, kwenye kitako cha chombo, na Pindua hakuweza kuona chombo asitamani kujua kitako chake. Jina lilianzia hapo.

Alipindua vikombe mgahawani, chai ikiwa ndani. Siku ya mahafali ya binti yake alikutwa kwenye ukumbi wa hoteli amelala chali chini ya meza ya kioo, anakitazama kitako cha jagi la maua. Mlinzi alipomuuliza kulikoni, alijibu bila kuinuka:

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Hujainama, mzee," mlinzi akasema. "Umelala."

Nyumbani vyombo vilikuwa vimewazidi watu. Mabuli yalikaa juu ya kabati, majagi yalipanga foleni bafuni, na bakuli moja pana la bondeni lilikuwa na nafasi yake kwenye kochi, limefunikwa shali lisipate vumbi. "Hapo pana mwenyewe," mke wake aliwaambia wageni. Mke huyo alishona mapazia pale pale sebuleni, viwiko amevibana kama kuku aliyenyeshewa, asije akaangusha kitu.

"Wenzangu wameletewa wake wenza," alisema. "Mimi nimeletewa mabuli. Heri mke mwenza, angeosha vyombo."

Lakini juu ya cherehani yake zilitundikwa sahani tano ambazo hata yeye aliziheshimu. Zilichorwa na mwanamke mmoja wa karakana ya kilimani, karakana iliyokwisha kufungwa. Mwanamke yule alikuwa na hadithi moja tu, na aliisimulia kwa sahani sita. Kwenye ya kwanza kuku anatembea na kifaranga wake. Kisha kifaranga amepotelea nyasini. Kisha mwewe yuko angani, mdogo kama koma. Kisha mwewe anashuka, mkubwa kama mwavuli. Kwenye ya tano hakuna kitu ila manyoya yanaruka, na huwezi kujua ni ya nani.

Ya sita hawakuwa nayo. Pembeni ya ile ya tano palikuwa na msumari mtupu, na msumari ule ulikuwa umewagombanisha mume na mke kuliko mabuli yote.

"Kuku alishinda," Pindua alisema.

"Kaliwa," mke alijibu, mguu hautoki kwenye pedali.

"Huna moyo."

"Nina macho. Manyoya yale ni ya kuku, tazama rangi."

"Rangi hiyo ni ya jua linazama."

"Basi limezama na kuku wako."

Walibishana wakimenya vitunguu, wakabishana kwenye foleni ya daktari wa meno, Pindua akiwa ameshika shavu.

Sasa, binti yao, mtoto wao wa pekee, aliuza dawa kwenye duka la dawa, na alikuwa amekwisha kupoteza mchumba mmoja kwa sababu ya vitako. Wazazi wa yule wa kwanza walipowakaribisha, Pindua alipindua bakuli la supu ili aone alama. Alama aliiona. Supu ilimwona mama wa kijana, mapajani. Kijana hakupiga simu tena.

Safari hii alikuwa amempata fundi umeme, mtu wa kucheka kabla mzaha haujaisha, na binti alimpenda mpaka akawa anakosea kuhesabu vidonge. Siku walipoalikwa chakula cha mchana kwa wazazi wa fundi umeme, alimkalisha baba yake kando ya bakuli la kochini.

"Baba, nakuomba kwa heshima zote. Sahani za watu zina upande mmoja tu, wa juu. Huyu akiniponyoka nitahamia kwako na mto wangu, nilale kwenye kiti cha hilo bakuli."

Pindua akavua miwani, akaibusu. "Naapa kwa hii. Sipindui hata ukurasa."

Mwenyeji wao, mama wa fundi umeme, alikuwa mwokaji mikate, mwenye mikono minene ya kukanda unga na imani moja maishani: mgeni anayesema ameshiba anadanganya. Mumewe, mstaafu wa posta, alikuwa mpole kama bahasha tupu. Pembeni alikaa bibi, mama yake yule mstaafu, ambaye alisikia kila kitu na kusema kidogo. Wakakaribishwa mezani. Kila mtu akawekewa sahani imekwisha kupakuliwa, wali umepanda kama kichuguu na mchuzi umezunguka.

Pindua akashika kijiko. Ndipo akauona ukingo.

Ulikuwa wa kijani iliyoiva, na juu yake nukta nyeusi zimepangwa mbilimbili, kama nyayo za ndege aliyepita kwa haraka. Ukingo ule aliufahamu kuliko kope zake. Tano zake zilikuwa nao. Chini ya kichuguu kile cha wali, mbele ya kidevu chake, palikuwa na mwisho wa hadithi.

Mikono ikaanza kutambaa yenyewe. Binti akamtazama. Pindua akaikalia mikono, kisha akakumbuka kwamba ameapa kutopindua, hakuapa kutokula. Akaitoa mikono, akaanza kula.

Alikula kama mchimba kisima. Alianzia kulia, akafuata ukingo, akasukuma, akafuta, mpaka ikajitokeza ncha ya bawa.

"Bawa!" likamtoka.

"Bawa tu? Ungesema mapema, mkwe mwenzangu!" mwokaji akapaza sauti, akamwekea bawa la kuku, na juu ya bawa upawa mzima wa wali. Shimo likafukiwa.

Akaanza upya, kushoto. Akafikia mkia. Upawa ukashuka. Akaingilia katikati. Upawa ukashuka.

"Baba wa bibi harusi ni mlaji!" mwokaji alisema kwa furaha, macho yamemlegea. "Na mimi ndio hao ninaowapenda."

Mke wa Pindua akamkanyaga chini ya meza. "Unaniaibisha," akanong'ona. "Watadhani nyumbani tunakula mabuli."

"Ukingo," Pindua akanong'ona, mashavu yamejaa. "Tazama ukingo."

Mke akatazama. Kijiko chake kikasimama hewani. Kisha kikavuka mpaka, kikaingia kwenye sahani ya mumewe na kuanza kuchimba upande wa pili.

"Jamani!" mwokaji akashika kifua. "Umri huo na bado wanakula sahani moja! Mume wangu, unaona?" Na kwa kuwa sasa walikuwa wawili, akapakua mara mbili.

Mshipi wa Pindua ukalegezwa tundu moja, ukalegezwa jingine, ukavuliwa. Kila alipojaribu kusema ameshiba, mwenyeji alicheka. Mwishowe upawa ulipokuja tena aliikumbatia sahani kwa mikono miwili kama mtu anayelinda mtoto, na kwa vijiko vya mwisho, yeye huku na mke kule, wakakutana katikati.

Katikati hapakuwa na kitu.

Vijiko vya watu wengine, vya uji na vya maharage, vilikuwa vimekwangua pale mpaka rangi ikaisha. Palibaki bawa, mkia, na unyayo mmoja wenye kucha tatu.

Chozi likamshuka Pindua.

"Baba, ni pilipili?" binti akauliza.

"Unyayo wa nani huu?" mke akasema kwa sauti, na kabla mtu hajajibu, yeye, mshona mapazia, mwenye akili zake timamu, akainyanyua sahani na kuipindua.

Mchuzi uliobaki ukaruka. Mwingi ukaangukia kitambaa cha meza, na kiasi kikaingia kwenye glasi ya mstaafu wa posta, aliyeitazama kama mtu aliyepokea barua isiyo yake. Kwenye kitako cha sahani ilionekana alama ya kidole gumba cha mwanamke wa kilimani, iliyokandamizwa udongo ulipokuwa bado mbichi.

Binti akafumba macho.

Pindua akainua mikono yote miwili. "Safari hii si mimi!"

"Kumbe mnaijua sahani ya kuku?" mwokaji akasema.

"Mimi nimekulia sahani hiyo," akasema mstaafu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Kuku alimkalia mwewe mgongoni, kama yai."

"Nilisema!" Pindua akapiga meza.

"Si kweli, baba," fundi umeme akaingilia. "Mwewe aliondoka naye. Nilikuwa nikimaliza uji nalia."

"Mwanangu!" mke wa Pindua akamshika mkono. "Una macho, wewe. Kaliwa!"

"Wote waongo," bibi akasema polepole. "Walikuwa wamelala wote watatu. Wamechoka."

Hapo ndipo vita vilipoanza kweli. Mwokaji alikuwa upande wa bibi, akapigana kwa upawa. Binti alipofumbua macho alimkuta mama yake na mchumba wake wamesimama bega kwa bega wanazomea, na baba yake amemkumbatia mstaafu, mshipi mkononi. Glasi ya mchuzi ilikuwa imenywewa, na hakuna aliyeuliza nani amemwaga nini. Binti akavuta kitambaa cha meza, akajifuta machozi ya kicheko.

Walipoaga, mwokaji alikataa katakata kuitoa sahani. "Haitoki humu. Lakini uko hapa Jumapili, mkwe mwenzangu, nitakuwekea hiyo hiyo. Na hawa watoto waharakishe harusi, mezani tumepungukiwa mtu wa upande wetu."

Kesho yake Pindua aliporudi kutoka kazini alikuta msumari wa sita una kitu. Mke alikuwa ametundika mfuniko wa sufuria, na kwa chaki yake ya kushonea amechora mwewe mwenye kitambi. Pindua alifuta, akachora kuku amekaa juu ya mwewe. Siku iliyofuata mwewe alikuwa amerudi, anachokoa meno.

Wakaendelea hivyo, na msumari haukukaa mtupu tena. Jumapili moja asubuhi, mke akiwa jikoni, Pindua aliushusha mfuniko, akatazama mlangoni, akaupindua. Chini yake palikuwa na alama ya kidole gumba, ya chaki.