Viazi vya Deni la Tahlia

Anayetaka habari iliyonyooka akaulize polisi. Mimi nilikuwa mpishi wa wakata manyoya ya kondoo huku nyuma ya mji wa Bourke, mbali na kila kitu, miaka arobaini na ushei, na nimeona nzi wakubwa hadi mbwa wetu akawaswaga zizini, wakalala na kondoo. Shule sikuisogelea. Lakini haya ya mjukuu wangu Tahlia sijayatia chumvi, au nimetia kidogo tu, ya kuonja.

Tahlia ni mtoto wa binti yangu. Tangu mdogo ni mtu wa kuelekeza wenzake. Alipokuwa na miaka sita aliwapanga kuku mstari, akawaita majina, na jogoo aliyechelewa akasimamishwa nje ya banda. Nilimwona jogoo yule akiona haya. Kwa hiyo alipokwenda chuo cha ualimu kule Dubbo sikushangaa. Nilitangaza Bourke nzima, kwenye duka la nyama na kwa daktari wa meno, kwamba mjukuu wangu ni mwalimu mkuu na ana nyumba yenye vyoo vitano. Alikuwa ndiyo kwanza mwaka wa kwanza.

Sasa yuko mwaka wa nne, bado kidogo amalize, siku hiyo namwona anashuka kwenye basi na begi lake, macho mekundu.

"Nimeacha, Bibi."

"Umeacha nani? Yule kijana wa pikipiki?"

"Chuo."

Kisa ni mazoezi ya kufundisha. Asimame darasani mchana kutwa, wiki baada ya wiki, bila senti, na kule mgahawani alikokuwa akipata riziki wamemwambia achague. Mwenye nyumba naye anataka kodi yake. Na juu ya hayo kuna deni la ada alilokopeshwa na serikali, ambalo kila Juni linaumuka lenyewe kama kinyunya kilichosahauliwa juani.

Mwanangu Wayne, mjomba wake, alifurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. Yeye ni mkata manyoya, na mikono yake ni ya haraka hadi kondoo huondoka hajajua kama ameshanyolewa.

"Karibu banda la manyoya, mpwa wangu! Si nilisema? Unakopa ili ukalipwe kidogo kuliko mjomba wako aliyefukuzwa shule kwa kumfungia mbuzi ofisini mwa mwalimu."

"Mshahara wa mwalimu si mbaya, Mjomba."

"Haya, tupime. Mama, lete viazi."

Nikamwaga gunia mezani. Kila kiazi dola elfu tano, akasema Wayne, na tusibishane. Fungu la kwanza likawa pato lake la mwaka, akalirundika mpaka viazi vikaanza kubingirika. Fungu la pili likawa la mwalimu anayeanza kazi, na hapo akawa anachagua vile vidogo vidogo. Nikamchapa mkono kwa mwiko. Fungu la tatu likawa deni la Tahlia, viazi vinono vitupu.

"Na Juni je?" akasema, akaongeza nusu kiazi.

"Lakini hawaji kudai mlangoni," Tahlia akasema, akifuta pua. "Wanakata kwenye mshahara kidogo kidogo. Mshahara ukiwa mdogo sana hawakati kabisa."

"Deni gani hilo lenye adabu?" nikauliza. "Mwenye duka wa hapa hunifuata hadi kanisani."

"Na ukifa, linakufa na wewe."

Nikaweka mwiko chini. "Linakufa?"

"Linafutwa, Bibi."

"Basi niandikisheni mimi! Nina miaka themanini na mbili na moyo unarukaruka. Wewe usome, jina liwe langu, mwezi ujao nife, tumemaliza."

"Na mitihani utafanya wewe?"

"Nitachora msalaba kwenye kila swali. Hata mmoja hautapata?"

Wayne alicheka, akaipiga meza kwa kofi. Kiazi kimoja kikaruka kutoka fungu lake, kikaanguka, kikasimama mbele ya kiatu chake.

Akakitazama. Akashika ukingo wa meza, akakunja goti moja, akalikunjua. Akajaribu kwa ubavu. Uso ukawa rangi ya bitiruti. Ana miaka arobaini na nne, na zaidi ya nusu yake ameipitisha ameinama juu ya kondoo. Kila asubuhi mkewe humvalisha soksi. Mimi nilidhani ni mapenzi.

"Kiacheni," akasema. "Mbwa atakula."

Tahlia akainama, akakiokota. Hakukirudisha kwenye fungu. Akakishika tu.

"Mjomba, utakata manyoya mpaka lini?"

"Mpaka Krismasi, anasema daktari. Daktari mwenyewe hajawahi kumshika kondoo."

"Halafu?"

Wayne akaanza kuondoa viazi kwenye fungu lake mwenyewe. Hivi vya mtaalamu wa mgongo. Hivi vya siku za mvua, kondoo wakilowa hakuna kazi. Hivi vya siku alizolala kitandani akitazama dari.

"Mwalimu akiugua analipwa," Tahlia akasema polepole. "Na mvua ikinyesha."

"Na likizo?" nikadakia.

"Na likizo, Bibi."

"Hata zile ndefu za Krismasi? Hebu leteni hiyo karatasi ya kujiandikisha, sifanyi mzaha tena."

Tahlia hakucheka. "Lakini nitakula nini hizo wiki za mazoezi? Hapo ndipo nilipokwama."

Wayne akajikuna shingo. "Nitakulisha mimi. Na kodi ya chumba, mpaka mazoezi yaishe."

"Mjomba..."

"Usiniambie asante. Nitalia, na nikilia mgongo unashtuka."

Tahlia hakumwambia. Alipiga magoti sakafuni akamfunga kamba za viatu, zilizokuwa zikiburuta tangu asubuhi bila yeyote kuthubutu kumwambia. Kisha akaniuliza basi la kurudi Dubbo linaondoka saa ngapi.

Nikamwambia la leo limeshapita. Lilikuwa halijapita.