Jina Ndani ya Rumba

Juzi, katika ofisi moja ya serikali ya Kabondo, hapa Kisangani, nilikuwa nangoja muhuri chini ya bati linalovuja. Makarani wawili walibishana: mmoja anapenda rumba, mwingine nyimbo za kanisa. Mkuu wao akainua kidole.

"Mimi, cantiques tu, nyimbo za Mungu. Rumba iko ya wapotevu."

Karani mpenda rumba akawasha wimbo kwenye simu. Mwimbaji akamsifu mkuu kwa jina lake lote, kisha akawataja mapacha wake.

Kisangani nzima inajua: jina haliingii wimboni bila mwenyewe kulipa.

"Bon, majina iko mingi," mkuu akasema. Kidole kilekile kilikuwa kinagonga meza kufuata gitaa la wimbo.

Nikamuuliza mkuu bati litatengenezwa lini.

"Papa, pesa ya bati iko Kinshasa."

Hapo ninamwamini. Studio za rumba ziko hukohuko.