Nilipigiwa Makofi kwa Ukili wa Mama Mkubwa

Niseme lenyewe kabla woga haujanirudia: mimi ni mwizi. Mwizi wa kuku hapa Ngamiani, mjini Tanga, hukimbizwa mpaka ndala zikamtoka. Mimi hakunikimbiza mtu. Mimi nilipigiwa makofi!

Kazi yangu ni uchoraji. Nilianza na vibao vya saluni na maduka, kisha nikawa nachora picha za kuuzia wageni: twiga, Mmasai, jua linazama, ndiyo hayo tu. Nilichora twiga mpaka nikawachukia. Siku moja dada mmoja mwenye duka la sanaa akazipitia picha zangu zote, moja moja, akasema, "Kaka, mkono unao. Lakini hizi angechora yeyote. Wewe uko wapi humu?"

Jamani, yaliniingia! Wiki nzima sikushika brashi. Mwisho nikafunga safari kwenda Pangani kwa mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki.

Mama mkubwa anasuka mikeka. Anachemsha ukindu, yale majani ya mkindu, kwenye rangi, anausuka mikanda mirefu, ndiyo tunayoiita ukili, halafu anaishona mikanda ile pamoja mpaka mkeka utimie. Rangi anazipanga kwa kichwa chake mwenyewe. Na katika kila mkeka wake kulikuwa na ukili mmoja ambao haukosekani: mweusi, wenye madoa ya njano.

Nilijua umetoka wapi. Hapo ndipo penye dhambi yangu, maana nilijua!

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Saumu. Tulikuwa tukila sahani moja, mimi naye. Gauni lake la Idi lilikuwa jeusi lenye madoa ya njano, na alikuwa hataki kulivua hata kwenda kuoga. Homa ikamchukua hata shule hatujaanza. Tangu hapo mama mkubwa hakushona mkeka bila ukili ule. Watu hakuwaambia. Aliniambia mimi tu: "Kila nyumba unapoingia mkeka wangu, Saumu naye kaingia."

Basi safari ile nikakaa naye siku nne, nikaipiga picha mikeka yake yote kwa simu. Alivyofurahi masikini! "Piga na huu, mwanangu, huu umetoka vizuri." Wala hakuuliza ni za nini.

Nikarudi Tanga nikachora kama mwenye wazimu. Wanawake sokoni, baiskeli, mabaraza, vyote nikavipanga kwa mikanda kama ukili. Na kila picha nikaipitishia ule mstari mweusi wenye madoa. Yule dada alipoziona alipiga kelele: "Sasa nakuona!"

Picha zikapendwa. Nikaitwa redioni, mtangazaji akaniuliza ule mstari una maana gani. Nikajibu bila hata kumeza mate, "Ni safari yangu ya usanii. Ulinijia ndotoni."

Ndotoni! Astaghfirullah!

Mnaniuliza kwa nini sikusema kweli? Kiburi tu, hakuna kingine. Niliogopa nikisema nimeutoa kwenye mikeka ya bi mkubwa wa Pangani, wataniona fundi wa kunakili, si msanii.

Nikaandaliwa maonyesho pale mjini. Mama mkubwa nilimwalika kwa kutimiza wajibu, moyoni naomba asije. Akaja! Kavaa baibui lake jipya, kwapani kaja na mkeka mpya wa kunitunza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hongera mwanangu."

Akasimama mbele ya picha kubwa kuliko zote. Akauona ule mstari. "Saumu," akasema, taratibu tu. Nami nikajifanya naongea na mgeni mwingine.

Sasa pale alikuwapo mama mmoja, mtu wa mjini, kajipamba. Akauona mkeka, akaufunua kidogo. "Mama, kazi nzuri, lakini mbona hambuni vya kwenu? Alama hii ni ya huyu msanii. Nyie mkiona kitu kimependwa tu, mshaiga!"

Watu wakacheka. Mama mkubwa akanigeukia, akanitazama. Alikuwa ananingoja. Nilitakiwa kusema neno moja: "Yake." Neno moja tu, jamani! Nikainama nikawa natazama viatu vyangu.

Akamgeukia yule mama, akamwambia, "Ni kweli, bibie. Nimemwiga mwanangu. Uzee huu, mnisamehe."

Alinisitiri mbele za watu, nami nikakubali kusitiriwa. Akaukunja mkeka wake, akaondoka nao. Sikumsindikiza hata mpaka mlangoni.

Miezi ikapita, nikaoa. Kwetu mama lazima amtolee mwanawe mkeka wa harusi, na mama mkubwa akauleta mwenyewe. Mkeka umesukwa ukasukika! Kijani, nyekundu, zambarau. Nikautandaza, nikautafuta ule ukili pembe hii mpaka pembe ile. Haumo.

"Mama, ukili wa Saumu uko wapi?"

Hakukasirika, na ndicho kinachoniua. "Ule si wako, baba? Mie niutie, watu waseme mtu mzima naiba?"

Nililia mbele ya mke wangu, sikuona haya. Nikamwambia mama mkubwa nitasema kweli, nitamwambia kila mtu. Akatikisa kichwa. "Utasema. Lakini mie mkono ushakataa. Nikianza ule, vidole vinasimama." Na kweli, hajausuka tena. Mikeka inauzwa, inaingia majumbani mwa watu, Saumu hamo.

Wenzangu mnaohangaika kujipata, nisikilizeni. Kuchukua, sote tunachukua. Lakini sema umechukua kwa nani, useme siku ile ile, mbele ya wale wale. Ukingoja, mwenyewe atakuja kukuomba radhi kwa mali yake, na ukimwona anafanya hivyo hutapata usingizi.

Na oneni nilivyo mwoga, hata hapa jina langu nimelificha! La yule mtoto nitalitaja. Kama una picha yangu ukutani, yenye mstari mweusi wa madoa ya njano, sikuuota mimi. Ni gauni la Idi la mtoto aliyeitwa Saumu, na aliyelisuka ni mama yake.