Mkono Mwepesi wa Mtinda Nyusi

Juzi nilimsindikiza mke wangu saluni, Mabibo. Mteja mmoja alikuwa anatindwa nyusi, mara mbwa akaingia anachechemea.

"Mtoe huyo, la sivyo mie naondoka!" mteja akaruka kutoka kitini.

"Nenda tu, shosti," mtindaji akajibu, wembe mkononi. "Ila nimemaliza upande mmoja."

Saluni nzima ikacheka. Mteja akarudi kitini, kanuna.

"Aligongwa na bodaboda, nikamchukua," mtindaji akaeleza. "Kila nikimfunga kidonda, ananing'ata. Ndiye kanifundisha kushika kwa wepesi panapouma. Zamani nilikuwaga nawakata wateja, we!"

Mbwa akajilaza chini ya kiti. Mteja akasogeza miguu kumpa nafasi.

Nami nikawakumbuka walioning'ata mara moja tu, nikawaacha na vidonda vyao.