Sauti Iliyotangulia Kinanda

Kwaya ya Mogitu ilirekodi Arusha, lakini kazi ya kuchanganya sauti waliniletea mimi hapa Katesh. Nilikuwa karibu, na nina sifa ya kutowachoka watu wenye maswali. Nina chumba kimoja, kompyuta moja na spika mbili nzuri. Fundi wa studio alinitumia faili kumi na moja kwa mtandao: kinanda faili yake, ngoma yake, kila kundi la sauti faili yake, na mwimbaji kiongozi peke yake. Pamoja nazo alituma faili ndogo ya maandishi yenye mistari kumi na moja ya herufi na tarakimu zilizochanganyika, zisizosomeka kama neno lolote.

Mistari ile ndiyo niliyoipuuza, kwa hiyo afadhali nieleze kazi yake. Programu huipitia faili nzima, mwanzo hadi mwisho, na kutoa mstari mmoja mfupi unaotokana na kila kilichomo. Kikibadilika hata kitu kidogo ndani ya faili, unatoka mstari mwingine kabisa. Aliyetuma anatoa wake, wewe uliyepokea unatoa wako, kisha mnalinganisha. Ikilingana, umepokea kilekile alichotuma. Kuangalia ukubwa wa faili hakutoshi. Gunia la maharage likipungua njiani, mtu anaweza kujazia mchanga na mizani isiseme kitu. Mstari huu unasema. Kwenye kompyuta yangu ni kazi ya dakika moja kwa faili, na mtu yeyote anaweza kujifunza. Nimewafundisha wengi, hata waliokuwa wanaogopa kugusa kompyuta.

Siku ile upepo ulikuwa mkali na mtandao ulikatika mara tatu. Simu niliiweka dirishani, na kila ulipokatika niliendelea kupakua nilipoishia. Mwishoni nikaangalia ukubwa, nikaona megabaiti ziko sawa. Kwaya walikuwa tayari mlangoni wanapiga hodi. Dakika kumi na moja za kuhakiki nikaona ni kuwachelewesha wageni.

Walikuja watu wanane. Mwalimu wa kwaya ni mzee mtulivu, asiyesema neno mpaka wimbo uishe. Mwimbaji kiongozi ni mama wa miaka thelathini hivi, aliyeolewa Mogitu kutoka Gehandu, kwao ni wafugaji. Alikaa karibu na spika, mikono mapajani, akisubiri kujisikia kwa mara ya kwanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katikati ya ubeti wa pili sauti yake ikatangulia. Haikuwa sana, labda nusu ya pigo, lakini toka hapo hadi mwisho alikuwa mbele ya kinanda.

"Rudisha," mwalimu akasema. Nikarudisha. Akasikiliza huku ameinamisha kichwa. "Anakimbia."

"Huyo anaswaga ndama," akasema mmoja wa waimba besi. "Amesahau kwamba kinanda hakina miguu."

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi sikukimbia, mwalimu. Kinanda nilikuwa nakisikia masikioni. Na kule studio hakuna aliyesema kitu."

"Sasa hiki tunachosikia ni nini, mama?"

Akanigeukia mimi. "Fundi, mashine yako haiwezi kukosea?"

Ningeweza kusema, sijui, nipeni dakika chache niangalie. Lakini niliulizwa swali, na mimi nikiulizwa swali hufurahi. Nikamweleza kwamba nyimbo nyingi tunazosikiliza kwenye simu hubanwa, na katika kubanwa sauti ndogondogo hutupwa. Hizi za studio nazo hukunjwa ili ziwe ndogo, lakini zikikunjuliwa kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. "Faili hizi hazipotezi kitu, mama," nikamwambia. "Ulichoimba Arusha ndicho kilichomo humu."

Yote niliyosema kuhusu aina ile ya faili yalikuwa kweli. Ila kuna kukunjwa bila kupoteza kitu, na kuna kufika salama, na hayo ni mambo mawili. Nilieleza la kwanza, wao wakasikia yote mawili, na mimi nikawaacha wasikie hivyo.

"Umeelewa?" nikamwuliza kwa upole.

"Nimeelewa." Akaitazama spika. "Basi nitakuwa nilikimbia."

Mwalimu akaniambia niuweke pembeni ule wimbo, niendelee na mingine. Kanisani ubeti ule akapewa mtu mwingine. Yule mama akahamia mstari wa nyuma, kisha nikasikia siku hizi haji mazoezini.

Wiki kadhaa baadaye nilihamishia kazi ile kwenye flashi ili niitunze. Kabla ya kutunza huwa nahakiki, kwa hiyo nikatoa mistari na kuilinganisha na ile ya studio. Faili kumi zikalingana. Ya kumi na moja haikulingana, na ilikuwa yake. Nikajaribu tena, nikidhani nimekosea mimi. Nikaipakua upya toka mwanzo, safari hii ikalingana, nikasikiliza. Katika ubeti wa pili kila neno lilitua na pigo lake. Ile niliyowapigia ilikuwa na kipande kilichoharibika wakati wa kupakua. Programu yangu ilipokifikia ilikiruka na kuunganisha kilichofuata, na sauti yake yote iliyobaki ikasogea mbele. Ndama wa kuswagwa hakuwepo.

Ningeenda siku ileile, leo ningekuwa naandika kosa moja tu. Badala yake niliiweka faili nzima mahali pa ile mbovu, nikamtumia mwalimu wimbo kwa simu, bila maelezo. Mimi, niliyemweleza kila mtu kila kitu. Akanipigia.

"Fundi, umemrekebisha vizuri mno. Hata huwezi kujua."

"Asante, mwalimu," nikasema.

Nikakaa na ile asante Jumapili mbili. Katika wiki ya tatu nikapanda bodaboda kwenda Mogitu.

Nilimkuta uani anapiga maharage kwa fimbo. "Shikamoo, fundi," akasema. Nikaitikia marahaba, na sijawahi kuitikia shikamoo iliyonielemea kama ile.

"Mama, sauti yako iliharibika nilipoipakua. Wewe hukukimbia."

Aliendelea kupiga maharage. "Umejua lini?"

"Hii ni wiki ya tatu."

"Na mwalimu anajua?"

"Anadhani nimekurekebisha."

Fimbo ikatulia. "Kunirekebisha," akarudia, akacheka kidogo puani. Akaanza kuondoa maganda kwenye kanga yake moja moja. "Siku ile nilirudi nikamwambia mume wangu kwamba nilikimbia. Akasema, wewe? Wewe hukimbii. Nikambishia. Nikamwambia, fundi ameeleza."

Nikaomba msamaha, akaupokea kwa kuitikia kwa kichwa tu.

"Siku ile ulieleza vizuri sana," akasema. "Basi Jumamosi nenda kawaeleze wenzangu hivyohivyo. Usifupishe."

Sikufupisha. Nilibeba kompyuta na spika mpaka kanisani, nikawapigia faili mbovu, kisha nzima, kisha nikawaonyesha mistari miwili isiyolingana, herufi kwa herufi. Nikawaambia ni nani aliyeacha kulinganisha na kwa nini.

"Kumbe ndama alikuwa kwenye mtandao," akasema yuleyule wa besi, lakini safari hii alisema chini chini, akitazama viatu vyake.

Mwalimu alinyamaza mpaka nilipomaliza. "Na ile asante uliyoniambia, fundi?"

"Haikuwa yangu, mwalimu."

"Ndiyo. Haikuwa yako." Akachukua kofia yake, akaenda mwenyewe nyumbani kwa yule mama.

Amerudi. Ubeti wake amerudishiwa, na wimbo umetoka ukiwa na sauti yake kama alivyoimba Arusha. Lakini zamani alikuwa anafumba macho na kuingia mwenyewe, bila kuhesabiwa. Sasa anatazama vidole vya mpiga kinanda, na anaingia akiwa amechelewa kidogo sana. Mwalimu humwambia, "Ingia tu, mama, uko sawa." Mimi pia nimemwambia kwamba sikio lake ni zima, zaidi ya mara moja, kwa maelezo yote niliyonayo. Hunisikiliza kwa heshima mpaka nimalize. Ikifika Jumapili, anasubiri kinanda.