Mashine Aliyoizima Sibtain

Kila nipitapo Toronto hufikia kwa Sibtain, Khoja wa Tanga aliyehamia mtaa wa Thorncliffe Park, na kila mara, chai haijapoa, atamtaja Ramila. Si ndugu yake. Ni mjane wa Gujarat, India. Mumewe, Bharat, alifia kazini katika kiwanda cha kuchambua pamba ambacho Sibtain alikuwa akikisimamia kila msimu kwa niaba ya mjomba wake, mwenye kiwanda.

Msimu uliopita, siku ya kuondoka, Sibtain aliikuta mashine moja haina kifuniko cha meno yake ya kuchania pamba. Akaizima, akamwambia Bharat asiiguse mpaka kifuniko kipya kifike, akapanda ndege kurudi Toronto. Hajafungua hata sanduku, mjomba akapiga simu: mashine iliwashwa, Bharat amekufa.

"Nimewaambia polisi uliiacha ikiwaka. Kaa hukohuko Canada, mwanangu. Watachoka."

Sibtain alidhani amehurumiwa. Mkewe, Zahraa, akacheka kwa hasira.

"Amekuhurumia? Amekutwika maiti! Ukijificha hapa nani atakusemea? Mimi, na Kigujarati changu cha jikoni?"

Kule India, kusababisha kifo kwa uzembe ni jinai, na kifungo chaweza kufika miaka mitano. Lakini cheo peke yake hakimfungi msimamizi. Lazima uzembe wake mwenyewe uwe ndio ulioua. Nani angethibitisha kwamba aliizima? Aliyeambiwa alikuwa marehemu. Sibtain akarudi India kujisemea mwenyewe.

Huko akakuta Ramila ameshahojiwa. Watu wa mjomba walimtangulia, wakamsihi amtaje "yule wa ng'ambo". Akakataa. Aliwaeleza polisi kwamba mumewe alikuja nyumbani kula mchana akinung'unika: msimamizi kaizima mashine, na sasa mwenye kiwanda kaamuru iwashwe. Wafanyakazi waliokuwa wakiogopa, waliposikia mjane kasema, nao wakasema. Jina la Sibtain likaondolewa. Aliyeshtakiwa ni mjomba, na kesi ingali ikiendelea.

Siku hizi jamaa wengine, kwa hasira ya mjomba kushtakiwa, hawamsalimii msikitini.

"Waache," ananiambia. "Bila yule mama ningekuwa gerezani, nao wangeniombea dua."

Kabla ya kurudi Toronto alikwenda kwa Ramila kumshukuru. Alikuwa ametunga maneno njia nzima. Mama hakuyangoja.

"Asante ya nini? Ulimkataza asiiguse. Keti, ule."

Sibtain akala, machozi yakimtoka, na mjane akamwongezea dengu.